Nyaya Zote Nyekundu

Kaka yangu Hizza alinunua waya, roli moja,
mita mia, mwekundu,
duka lililokuwa likifungwa Barabara ya Nane,
akaitia Bedfodi mishipa kwa rangi hiyo hiyo:
wa taa mwekundu, wa honi mwekundu,
wa stata, wa dinamo, wa kifuta kioo,
mwekundu, mwekundu.
Ramani akaiweka kichwani.
Kichwa akaenda nacho Maskati.

Gari lenyewe lilikuwa la mkonge,
lilibeba marobota ya katani Pongwe kabla sijaota meno.
Hizza alilinunua mnadani likiwa limekalia mawe,
akalikata kimo, akalishusha tumbo,
akalipachika injini ya silinda nane
iliyokuwa ikivuta maji shambani kwa Mgiriki.
Likinguruma, vikombe vya Bi Saumu hutembea kabatini.
Likinguruma, nasema. Hapo ndipo penye kazi.

Maana chumvi ya Tanga haipigi hodi.
Huingia kwenye kiungo cha waya,
ikaota ukungu wa kijani,
na gari likaanza kusema lisichoulizwa:
ukanyage breki, taa za mbele zasinzia;
uwashe indiketa ya kulia, kifuta kioo chapiga saluti.
Siku ya harusi ya Mwanamvua honi ilishika, haikuachia,
kutoka Chumbageni hadi Mikanjuni,
watu wakatoka milangoni kwa vigelegele
wakidhani ni furaha.
Ilikuwa shoti.
Bibi harusi kaziba masikio kwa mikono yenye hina mbichi,
mashavu yakabaki na maua siku tatu.

Usiku ule nikampigia Hizza.
"Waya wa honi ni upi?"
Akafikiri. Nikasikia feni ya huko ikizunguka.
"Ule mwekundu," akasema,
akacheka mpaka salio langu likakata.

Fundi Shemboko akaja kutoka Makorora na testa yake,
akagusa hapa, akagusa pale, akaguna.
"Dada, liuze kwa kilo. Utapata friji."
Nikampa chai.
Nikampa na nauli.

Jumamosi nikalala chini yake juu ya gunia,
tochi mdomoni, ladha ya chuma ulimini.
Sikufuata waya mwekundu hata mmoja; nilikwishachoshwa nao.
Nikafuata ule usio na rangi,
utepe wa shaba, mpana kama mkanda wa saa,
utokao kwenye injini kwenda kwenye chasisi,
ambao hakuna aliyeukumbuka, kwa kuwa hauwashi kitu.
Nikaushika.
Ukanimwagikia usoni, unga wa kijani.

Kumbe moto haukupungua hata siku moja.
Ulikwenda vizuri, ukakosa pa kurudia,
ukazunguka usiku kucha kama mgeni aliyefungiwa nje,
akigonga kwa honi, akigonga kwa kifuta kioo,
akigonga nyumba asizozijua.

Nikapiga msasa mpaka chasisi ikacheka.
Nikafunga kipande cha kebo ya mashine ya kuchomelea,
bolti ya kumi na tatu, grisi juu yake.
Nikapanda. Nikageuza ufunguo.
Vikombe vya Bi Saumu vikatembea,
kimoja kikaanguka, naye akatukana kwa raha.

Indiketa ya kushoto bado.
Natoa mkono dirishani, nao watoto wa Kwaminchi
hudhani nawasalimu, wananipungia.
Nakata kona.

Sasa kila waya ninaoutambua naufunga uzi
niliouchomoa kwenye kanga kuukuu ya mama:
wa taa uzi mweupe, wa honi uzi wa njano.
Jana nikampelekea Hizza picha.
Jibu lilikuja alfajiri:
"Huo wa njano si wa honi."

Nikatoka na kandambili moja mguuni,
nikabonyeza honi.
Kifuta kioo kikapiga saluti.