Kinu Kisizimwe

Miaka kumi na tisa nimemsagia mahindi
kila Alhamisi, gorogoro mbili,
msimu ukiwa mzuri na wimbi kidogo juu yake,
na sikuwahi kumuuliza jina.
Wenye kinu hatuulizi. Tunapima, tunasaga,
tunakohoa vumbi jeupe, tunarudisha chenji.

Alikuwa na tabia moja tu ya kuniudhi:
akingoja zamu yake hugonga debe kwa kidole,
tak, ta-tak, tak,
midomo ikicheza bila sauti.
Nikadhani ni uzee. Siku nyingine nikadhani anasali.

Kisha akaja kijana wa Kisumu, Obunga,
viatu vimebeba udongo wote wa Chavakali,
kwapani santuri aliyoiokota sokoni Kibuye
kwa bei ya mafungu mawili ya omena.
Akanionyesha ile karatasi ya katikati, imefifia:
jina la mpiga gitaa kwa herufi kubwa,
na chini, kwa herufi za sisimizi,
*pamoja na Truphosa Kaveza.*

Foleni nzima ikageuka.
Mama alikuwa anafunga unga wake kwa leso.

Tukaweka gramafoni ya betri juu ya meza ya mizani.
Ikatoka sauti ya msichana wa miaka ishirini na miwili,
nyembamba, kali kama ndimu kwenye kidonda,
ikimwambia mwanamume fulani wa reli
arudishe kwanza baiskeli,
mapenzi yatazungumzwa baadaye.
Watu wakacheka. Kisha wakanyamaza.
Tukamtazama tukisubiri machozi,
kana kwamba tulimdai.

Yeye akainamisha sikio, akakunja uso.
"Hapo. Hapo nilichelewa kuingia.
Niliwaomba turudie, wakasema kanda ni ghali."

Sasa wanakuja kila Jumamosi na vipaza sauti.
Wanautaka huo huo, wa baiskeli.
Amewaambia anazo nyingine kumi na moja,
hazijasikika na mtu.
Wanaitikia kwa adabu, wanaandika kitu,
halafu wanairudia baiskeli.

Jumamosi iliyopita wakanifuata kwa upole:
mzee, mngurumo huu unaharibu kazi.
Nikanyoosha mkono kuzima injini.
Akanishika kifundo,
vidole vyake vikavu, vigumu kama magunzi.

"Zote kumi na moja nimezitungia hapa, Amugune,
kwa mpigo wa mkanda wako huo uliolegea.
Ukizima, nitaingilia wapi?"

Kumbe jina langu alikuwa nalo muda wote.

Wenye vipaza sauti wakanitazama.
Obunga akatazama viatu vyake.
Mkanda ukapiga, tak, ta-tak,
nami nikainua debe la mtu aliyefuata
nikamimina.