Ritifaa

Mizani ya ushirika, ghalani Kiborloni,
ina injini ndogo tumboni, kama punje,
isomayo maagizo mstari kwa mstari.
Ikiletewa mti wa taarifa
iliona uzi tu: herufi, herufi, herufi.
Nami niliukata kwa wembe, nikaunga kwa gundi,
nikaomba usiachie.

Ukaachia kwa Mama Ng'owi.
Ile ritifaa ya jina lake
injini ikadhani nukuu imekwisha,
ikafunga. Kilo arobaini na mbili za kahawa
zikabaki nje, hazina mwenyewe.
"Jina langu lina kosa gani?"
Nikajifanya natafuta bisibisi.

Wiki tatu, umeme ukija na kwenda,
nimeifundisha injini mabano ya pembe,
si kwa mkalimani tena,
bali kama ijuavyo moja na moja.
Lebo ikifunguliwa, ifungwe.
Mtoto akae ndani ya mzazi.
Ukiita mkulima, nukta, kilo,
kilo ziitike.

Leo karudi. Risiti imetoka ikikwaruza:
Ng'owi, na ritifaa yake juu, kama unyoya.
Ameisoma mara mbili,
akaifunga kwenye pindo la khanga.
Hakunishukuru.
Anishukuru kwa jina lake mwenyewe?