Kamera Tatu, Hombolo

Kofi moja la mshereheshaji
limezishona kamera tatu: midomo sasa inakwenda pamoja.
Rangi ndiyo imegoma.

Ya Ndahani imeona vumbi jekundu kama tofali la kuchoma.
Yangu imeona samawati,
hata mbuzi wa mahari wanaonekana kama wamenyeshewa,
Hombolo, mwezi wa nane!
Ya tatu ni simu ya mjomba:
imetia manjano turubai, wali, meno ya bwana harusi.

Usiku, Chang'ombe, umeme ukikatika na kurudi,
natafuta cheupe cha kuaminika.
Kitambaa cha kiti. Basi, hicho.
Napunguza wekundu hapa, nakamua manjano kule,
nanakili, nabandika
klipu mia na arobaini kwa mkupuo,
na Hombolo inarudi kuwa Hombolo.
Zabibu ni zabibu.
Sechelela ni mweusi vilevile alivyotoka chumbani,
aking'aa mafuta.

Ila mama yake.

Nimemtazama kwa kamera ya kwanza. Ya pili.
Nikarudi kwenye simu.
Kitambaa cheupe. Shanga nyeupe shingoni.
Macho manjano,
na kamera zote tatu zinakubaliana.

Nilidhani ni simu ya mjomba.

Naweza kuyafuta: duara dogo juu ya kila jicho,
limfuate anapocheza, anapomlisha binti keki.
Kipanya kimetulia kiganjani.

Alfajiri nampigia Sechelela.
Ananiuliza kama video iko tayari.
Bado, namwambia.
Mama anaendeleaje?