Ubeti wa Tatu

Sawa, nitakiri, ila funga mlango kwanza.
Baridi ya Podlasie haina adabu,
na maneno haya si ya kuvuja nje.

Mimi ni fundi wa vinanda vya kanisa.
Miaka ishirini na miwili naingia tumboni mwao
kwa tochi na brashi ya manyoya,
natoa popo waliokauka, vumbi, siku moja soksi ya mtoto,
nazirudisha filimbi elfu moja na ushei
kwenye sauti zao za haki.
Nina sikio. Watu hulilipa sikio hili.
Nikialikwa chakula, wenyeji huzima redio upesi
kama wafichavyo chupa padre akibisha hodi.

Na sikio hilohilo, jamani,
linapenda takataka.

Wimbo wenyewe unaujua. Usijifanye.
Ule wa harusini, saa saba usiku,
baba wa bibi harusi ameshavua tai kaifunga kichwani,
ngoma inalia ambayo hakuna mkono ulioigusa,
na mwanamume mwenye koti jeupe la kumetameta analia
kwamba Marzenka kaondoka na ufunguo wa moyo,
Marzenka ana choyo,
rudisha, Marzenka, rudisha, oyo oyo.

Moyo, choyo, oyo.
Vina ambavyo mtoto wa darasa la pili
angeona haya kumpelekea mwalimu.

Mume wangu Ksawery analijua deni langu la benki,
analijua jino langu la bandia.
Hili halijui.
Kati ya Knyszyn na Tykocin, mashamba ya viazi na ukungu,
naupiga garini mara tisa.
Nikiona polisi napunguza sauti
kabla ya kupunguza mwendo.

Usiniulize kwa nini.
Ningeweza kukuambia habari za mama,
jinsi alivyoucheza akiwa mgonjwa, na kadhalika,
lakini ningekuwa nasingizia maiti.
Naupenda kwa kuwa ukifika pale pa *rudisha*
goti langu linaondoka lenyewe,
halijaniomba ruhusa.

Basi Novemba iliyopita. Padre Hieronim kaenda kuzika,
kijana wangu Tymek nimemtuma mkate,
kanisa tupu.
Nimemaliza filimbi kubwa ya besi, ile ndefu kushinda mlango,
na filimbi iliyotengenezwa sharti ijaribiwe.
Nilianza na zaburi, kwa heshima zote.
Kisha mikono, sijui,
mikono ikakata kona.

Marzenka akapanda kwenye zinki na mbao,
akatikisa vioo vya madirisha.
Choyo hakijawahi kuwa kikubwa vile.
Mtakatifu Wawrzyniec pale ukutani,
ameshika wavu wake wa kuchomewa,
naapa nilimwona akihamisha mguu.

Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Nikaachia vibao, mwangwi ukajikunja pembeni,
na huko chini nikasikia kitambaa
kikisugua shaba.

Bi Genowefa.
Kiongozi wa rozari, miaka themanini na mmoja,
aliyewahi kumtoa msichana ibadani
kwa sababu ya viwiko vyake.

Niliganda. Niliwaza nauli, niliwaza jina langu
likitangazwa parokia kwa parokia.
Yeye akakipumulia kinara, akakisugua,
akakiinua kwenye mwanga,
na bila kunitazama akauliza:
"Na ule wa tatu?
Pale anapourudisha ufunguo?"

Nilikuwa sijui kama anaurudisha.
Miaka yote ile. Bendi huishia wa pili,
watu hukimbilia supu.

Akaniimbia. Sauti kama bawaba,
kitambaa kikihesabu mizani juu ya shaba.
Alikuwa nusu nota chini, tangu mwanzo hadi mwisho,
nami nikashuka nikamfuata hukohuko,
nikamwacha alivyo.

Tymek aliporudi na mkate
tulikuwa tumeshafika kwenye zaburi.