Siti ya Nyuma

Leo Jumapili sibebi mtu.
Nimetoka Nachingwea umande haujakauka,
tangi limejaa, muhogo wa kuchoma mfukoni,
helmeti ya abiria nimeiacha msumarini.

Hapa mkoloni alifyeka pori apande karanga.
Karanga zikamkatalia. Reli ikang'olewa;
limebaki tuta, linanifuata mkono wa kushoto
kama mbwa asiye na mwenyewe.
Nyasi za njano zinafika kiunoni,
zinalala nikipita, zinaamka nyuma yangu.

Mwendo mrefu, kimya. Kisha baiskeli moja,
gunia la mbaazi, mkono juu,
basi.

Nikiona shimo bado napunguza mwendo
kwa ajili ya Somoe Nnunduma,
niliyemkimbiza hospitali usiku, uchungu umemshika,
kucha zake mabegani mwangu.
Mlimani nasogea mbele, namwachia nafasi
mtu ambaye hayupo.

Kwenye daraja nimezima injini.
Mto ni mchanga mtupu. Bomba la moshi linapoa:
ti, ti,
ti.
Nimekula muhogo wangu wote, taratibu,
hakuna aliyeniuliza tumefika wapi.

Nikageuza.

Karibu na Naipanga mzee mmoja, jogoo kwapani,
akanipungia: Mjini shilingi ngapi?
Leo si kazi, nikamjibu, na injini inaunguruma.
Akanitazama. Jogoo naye akanitazama.

Nilikuwa nimeshasogea mbele.