Kitambaa cha Pamba

Imali, sauti yako imenikuta nafinyanga,
simu nimeibonyeza kwa ncha ya pua, mikono udongo mtupu.
Unasema huko Uskoti, nyuma ya hospitali yenu,
iko chemchemi msituni, na miti yake imevaa matambara:
soksi za watoto, utepe, kola ya shati
la mtu aliyepona, au ambaye hakupona.
Mgonjwa hulowesha kitambaa, hukifunga tawini,
huondoka bila kugeuka nyuma.
Kitambaa kikioza, maradhi nayo yameoza.

Nimecheka, mwanangu. Si kwa dharau.
Nimecheka kama aliyemwona binamu yake
katika picha ya harusi ya wageni.

Na huyo farasi wa majini, mpole, singa zimejaa magugu,
mtoto akimpanda mkono unanata, wanazama wote wawili!
Basi nao wana akina mama
waliochoka kupiga kelele ukingoni.
Wewe nilikutishia na mto Isiukhu wenyewe,
sikuwa na farasi.

Jiwe letu la Ilesi bado limesimama juu ya barabara,
kichwa mabegani, kama mjane aliyekataa kuketi.
Mwezi wa kwanza shavu lake lilikauka.
Khasoa, tunayechoma naye vyungu, analaumu mikaratusi:
eti inayanywa machozi kabla hayajatoka.
Ule murembe wa njia panda, ambao mwongo hakuthubutu kuuzunguka,
siku hizi ni steji ya bodaboda.
Lakini nimewatazama wakigombania abiria:
wanaapa kwa mama zao, kwa Mungu, kwa pikipiki.
Mti hawaugusi.

Halafu ukataja lile bango:
tafadhali msifunge nailoni, haiozi.
Hapo gurudumu la moyo likasimama.
Wako watu, Imali, waliofunga uchungu wao
kwa kitu kisichooza.

Ayuma anasafiri Jumanne. Nimempa bahasha.
Ndani mna ukanda wa shati la baba yako,
lile la buluu, pamba ya kiwanda cha Kisumu
kabla hakijafungwa.
Hukuwahi kumzika. Viza, zamu, theluji,
sikuulizi tena.
Lowesha. Funga fundo moja tu,
mawili ni woga.

Mvua ikirudi
nitakwambia kama jiwe limelia.