Wangu

Hedley Tregunna ana ngazi, ndoo, na goti la chuma.
Kila Oktoba hupanda kuzibua mifereji ya paa
kwenye nyumba za wajane wa Redruth, bure,
na akishuka hushuka kinyumenyume,
polepole, kama mtu anayelipa deni kwa senti.

Mimi humshikia ngazi.
Tangu nilipostaafu posta, kazi yangu ndiyo hiyo.

Miaka tisa alivaa jezi namba kumi na tano,
mlinzi wa nyuma kabisa, nyuma ya wote,
pale ambapo mtu akikosea hana wa kumsitiri.
Sisi kumi na wanne tuligombana mbele, tope hadi kwenye meno;
yeye alisimama peke yake akisoma mawingu.
Mpira ulipopigwa juu ukapotea,
umati ukanyamaza, mapande ya watu yakamjia mbio,
kishindo chao akakisikia kwa nyayo
wala hakuwatazama.
Alitazama juu tu, mikono kaikunja
kama anayepokea mtoto kwa mkunga.
Na asante yake ilikuwa ya punda:
mbavu tatu, pua mara mbili,
sikio la kushoto, ambalo halikurudi.

Mechi kumi na moja aliichezea Uingereza.
Kumi, nani anazikumbuka?

Watu wanakumbuka Cardiff.
Dakika ya sabini na nane, tunaongoza kwa pointi mbili,
mvua ya Februari imelala ubavu,
na mpira ukapanda, ukapanda, ukakaa huko
kana kwamba umepata kazi.
Magazeti yakampaka: mikono ya sabuni, yalisema.
Baba yake, mchimbaji wa bati, hakukanyaga kilabuni hadi Pasaka.
Waliomhurumia walisema ndiyo siku ya kufa nyani,
miti yote huteleza.

Lakini mti haukuteleza.
Mimi niliutikisa.

Nilikuwa wingi ya kushoto, miaka ishirini na miwili, nina njaa ya jina.
Nikauona mpira, nikapaza sauti: "Wangu!"
Na sheria yetu ilikuwa moja: anayeita ndiye mwenye mali.
Hedley akafungua mikono, akanipisha hatua moja.
Hapo nikaona kinachokuja nyuma ya mpira,
nikasita.
Akarudi kuudaka kwa ncha za vidole.

Yeye hawakumwita tena. Mimi waliniita mara nne.

Leo, kwa Bibi Pascoe, amepanda na koleo dogo,
anatupa majani, matope, kiota kikuukuu.
Nikaziambia nyayo za viatu vyake,
maana ndizo zilizokuwa mbele ya macho yangu:
"Hedley. Cardiff. Ni mimi niliyeita."
Koleo likakwangua. Likakwangua tena.
Sikio la kushoto ndilo lililonielekea,
nikajiambia, basi, upepo umelichukua.

Akapapasa ndani ya mfereji, akatoa mpira wa tenisi
ulioota ukungu, kijani kuliko siku uliponunuliwa,
akauachia bila kutazama chini.
"Wako," akasema.

Nilikuwa na mikono miwili na vitu viwili vya kushika.
Nikashika ngazi.

Mpira ukaruka mara mbili kwenye saruji,
ukaingia katika maua ya Bibi Pascoe,
na hakuna aliyekwenda kuutafuta.